Kazi kubwa iko chini ya utando: uzoefu wa kutengeneza vihisi vya ioni

Wengi wanaoingia kwenye kazi ya vihisi vya ioni, yaani elektrodi zinazopima ioni fulani ndani ya myeyusho, huvutwa kwanza na molekuli ya pete, na si ajabu. Tangu Charles Pedersen alipotangaza eta za krauni mwaka 1967, hadi aliposhiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1987 na Donald Cram na Jean-Marie Lehn, pete hizi zimebaki kati ya vitu vizuri kuliko vyote katika kemia: molekuli yenye tundu katikati, na tundu hilo linachagua ioni gani iingie. Basi fedha zote huishia kununua pete na muda wote huishia kusoma habari za pete. Elektrodi ikianza kuyumba, lawama nazo hubebeshwa pete.

Benchi la maabara linaonyesha mambo mengine. Mara nyingi pete inafanya kazi yake vizuri tu. Kinachoharibu kipimo ni uso wa kaboni ambao haukung'arishwa vya kutosha, polima iliyounguzwa kwa volteji kubwa mno, maji yaliyonaswa chini ya utando, au elektrodi rejea (ile ya kulinganishia, yenye volteji isiyobadilika) inayovujisha ioni ileile tunayotaka kupima. Anayejua hili mapema huokoa wiki nyingi, na huokoa pia miligramu za pete ambazo ndizo ghali kuliko kila kitu mezani.

Maelezo haya yanafuata kazi kwa mpangilio wake. Mfano ni kihisi cha potasiamu, kwa sababu kinaonyesha makosa haraka. Risasi, ile metali nzito, inakuja mwishoni kwa kuwa ina taabu zake.

Kwanza, kinachojengwa. Chini kabisa kuna diski ya kaboni kioo, kwa kawaida yenye kipenyo cha milimita 3, iliyozungushiwa mwili wa plastiki. Juu yake kuna safu nyembamba ya polima inayopitisha umeme. Juu ya polima kuna utando wa PVC uliolainishwa kwa mafuta, na ndani ya utando ndimo pete inamokaa. Mwaka 1971 Cattrall na Freiser walionyesha kwamba unaweza kupaka utando moja kwa moja juu ya waya na ukapata kihisi. Shida ikawa usomaji kuhama, kwa sababu kwenye utando chaji inabebwa na ioni, kwenye metali inabebwa na elektroni, na hapo katikati hapakuwa na kitu cha kukabidhiana. Polima ndiyo inayofanya makabidhiano hayo: ikipoteza elektroni hupokea ioni, na kinyume chake. Polipirole iliwekwa katikati kwa kazi hii mwaka 1992, kisha ikafuata PEDOT, polima nyingine ambayo leo ndiyo chaguo la kwanza la watu wengi, tukiwamo sisi.

Kuchagua pete

Majedwali yanasema 12-krauni-4 ni ya lithiamu, 15-krauni-5 ni ya sodiamu, na 18-krauni-6 ni ya potasiamu. Tundu la 18-krauni-6 lina upana wa angstromu 2.6 hadi 3.2, na ioni ya potasiamu ina kipenyo cha karibu angstromu 2.7. Mtu akiona namba hizo hudhani uchaguzi umekwisha. Haujaisha.

Ndani ya maji, logi ya kigezo cha mshikamano (namba inayopanda kwa 1 kila mshiko unapozidi mara 10) kati ya 18-krauni-6 na potasiamu ni takriban 2.0 tu. Ndani ya methanoli hufika karibu 6. Maana yake ni kwamba maji yenyewe yanaigombania ioni, na pete ndani ya maji ni dhaifu kuliko inavyosemwa. Ndiyo sababu tunaiweka kwenye utando wenye mafuta, ambako haina mshindani huyo. Pili, pete hiyohiyo ndani ya maji hushika risasi kwa logi ya takriban 4.3, yaani kwa nguvu zaidi kuliko inavyoshika potasiamu, na ioni ya amoniamu nayo huingia bila taabu. Tatu, pete ndogo zinaweza kushirikiana: 15-krauni-5 mbili huikumbatia potasiamu moja kutoka juu na chini. Molekuli zenye benzo-15-krauni-5 mbili zilizounganishwa kwa mnyororo hutumika kupima potasiamu, si sodiamu, ingawa jedwali la vipimo vya matundu lingekuambia kinyume.

Kuna sifa nyingine ambayo wengi huisahau: pete lazima ikae ndani ya utando. 18-krauni-6 tupu huyeyuka vizuri kwenye maji, kwa hiyo hutoka kidogo kidogo kila unapochovya elektrodi. Dalili yake ni elektrodi inayosoma vizuri siku ya kwanza, kisha mwinamo wake, yaani milivolti zinazobadilika kila ukolezi unapozidi mara 10, unapungua siku hadi siku bila sababu nyingine kuonekana. Tafuta pete iliyofungwa mikia mirefu ya kaboni au yenye benzeni pembeni.

Kwa potasiamu tunatumia valinomisini, pete ya asili yenye atomi 36 kwenye mzunguko wake, inayoishika ioni kwa oksijeni sita. Ndani ya utando mzuri huipendelea potasiamu kuliko sodiamu kwa takriban mara 10,000. Kwa sodiamu, kaliksareni, pete yenye umbo la kikombe, ikiwa na mikono minne ya esta hufanya vizuri. Valinomisini ni sumu kali. Vaa glavu unapopima unga wake, na mizani iwe mahali pasipo upepo.

Uso wa kaboni

Ng'arisha kwa unga wa alumina wa mikromita 1.0, kisha 0.3, kisha 0.05, kila ukubwa na kitambaa chake. Chembe moja ya unga mnene ikiingia kwenye kitambaa cha unga laini, unachora mikwaruzo badala ya kuiondoa. Sukuma kwa mwendo wa namba nane ili uso usilalie upande mmoja. Baada ya hapo tia elektrodi kwenye maji safi ndani ya beseni la mawimbi ya sauti kwa dakika chache, halafu kwenye ethanoli.

Usiamini macho. Pima kwa ferisianidi ya potasiamu ya milimoli 1 kwa lita ndani ya kloridi ya potasiamu ya moli 1 kwa lita. Peleka volteji mbele na kurudi huku ukisoma mkondo: umbali kati ya vilele viwili vya mkondo unapaswa kukaribia milivolti 59. Ukipata 80 au chini ya hapo, endelea. Ukipata 120, rudi kwenye kitambaa, kwa sababu polima haitashika vizuri pale, na hutajua hilo hadi utando uwe umeshawekwa na valinomisini imeshatumika.

Safu ya polima

Hapa ndipo tunapotumia uangalifu mwingi kuliko mahali pengine popote.

Kwa mililita 10 za myeyusho unahitaji mikrolita 10.7 za EDOT, molekuli ndogo zinazoungana kuwa PEDOT, ambazo ni miligramu 14.2, na miligramu 206 za chumvi ya sodiamu ya polistireni salfoneti. Hiyo inakupa EDOT ya moli 0.01 kwa lita. EDOT haipendi maji. Ukikoroga kwa dakika tano utaona vitone vidogo vya mafuta chini ya chupa, na ukianza kazi hapo filamu itaota mabaka. Koroga saa moja au zaidi hadi vitone vyote viishe, kisha pitisha naitrojeni kwa dakika 10 hadi 15 kuondoa oksijeni.

Pitisha mkondo usiobadilika wa miliampia 0.014 kwa sekunde 714. Kwa diski ya milimita 3 hiyo ni miliampia 0.2 kwa kila sentimita ya mraba, na chaji yote inayopita ni milikulombi 10. Tunapendelea mkondo usiobadilika kuliko volteji isiyobadilika kwa sababu chaji ndiyo inayoamua unene wa filamu, na hapa unaijua kabla hujaanza. Angalia volteji wakati wote: huruka mwanzoni, hushuka kidogo, kisha hutulia. Ikizidi kupanda badala ya kutulia, simamisha. Filamu inapoteza uwezo wa kupitisha umeme, au elektrodi ya pili haigusi myeyusho vizuri.

Kiasi cha kutosha kinaonekana kwa macho kama rangi ya bluu iliyokolea, lakini kipimo cha kweli ni hiki: osha elektrodi, iweke kwenye kloridi ya potasiamu ya moli 0.1 kwa lita, na upeleke volteji kutoka volti −0.5 hadi +0.5 na kurudi kwa kasi ya volti 0.1 kwa sekunde. Filamu nzuri huchora umbo linalokaribia mstatili, na mkondo wake ni karibu mikroampia 20 kila upande. Gawanya mkondo kwa kasi, utapata takriban mikrofaradi 200. Andika namba hiyo kwenye daftari kwa kila elektrodi. Elektrodi mbili zenye namba zinazotofautiana kwa nusu hazitatoa usomaji unaolingana, hata ukizipaka utando kutoka chupa moja.

Kwa nini PEDOT na si polima nyingine? Polipirole ni rahisi kuoteshwa, lakini pirole yenyewe hugeuka manjano kisha kahawia ikikaa, na pirole iliyogeuka rangi hutoa filamu mbovu. Ipitishe kwenye safu fupi ya alumina kabla ya kuitumia na uihifadhi gizani kwenye baridi. Volteji nayo isipande mno: karibu na volti +0.7 dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha inatosha, na ukikaribia volti 1 ndani ya maji, oksijeni inaingia kwenye mnyororo na filamu inakufa kabisa. Polianilini nzuri hupatikana kwenye asidi tu, na mkolezo wa asidi ukipungua hupoteza upitishaji wake. Ukiiweka chini ya utando, dioksidi ya kaboni inayopenya kutoka kwenye sampuli inatosha kuuhamisha usomaji. Baadhi ya polima zinazopitisha umeme huathiriwa na mwanga. Jaribio lake ni rahisi: zima na uwashe taa ya maabara huku ukisoma. Namba ikiruka, funika chombo.

Utando

Osha filamu kwa maji safi, kisha iache ikauke kabisa, usiku mzima ikiwezekana. Kuweka utando juu ya filamu yenye unyevu ni kama kupaka rangi ukuta uliolowa: inashika leo, kesho inavimba.

Mapishi ya utando huandikwa kwa asilimia za uzito, na hapo ndipo kosa lililoenea kuliko yote linapoanzia. Tuseme unataka miligramu 100 za utando: valinomisini miligramu 1, chumvi ya kloro ya tetrafenilboreti, PVC miligramu 33, na inayobaki iwe mafuta ya dioktili sebaketi. Chumvi ile ni ya lazima, kwa sababu ndiyo inayozuia ioni hasi kuingia kwenye utando. Wengi huweka miligramu 0.5 kwa kunakili. Sasa hesabu kwa moli. Valinomisini miligramu 1 ni mikromoli 0.9. Chumvi miligramu 0.5 ni mikromoli 1.0. Chumvi imezidi pete! Kila ioni ya chumvi isiyo na pete ya kumkaribisha mwenzake itapokea ioni chanya yoyote inayopita, na uchaguzi uliolipia fedha nyingi unapotea. Miligramu 0.3, yaani mikromoli 0.6, ndiyo inayofaa: theluthi mbili ya pete. Pete ambazo mbili hushika ioni moja zinahitaji hesabu nyingine, lakini kanuni ya kuhesabu moli badala ya uzito haibadiliki.

Miligramu 0.3 haipimiki kwa uhakika kwenye mizani ya kawaida. Yeyusha miligramu 3 ndani ya mililita 1 ya tetrahidrofurani, kisha chukua mikrolita 100. Mchanganyiko wote uwe ndani ya mililita 1 ya kiyeyushi hicho. Tumia chupa iliyofunguliwa karibuni, kwa sababu tetrahidrofurani ya zamani hutengeneza peroksidi zinazoweza kulipuka, na fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa.

Simamisha elektrodi kichwa chini miguu juu, dondosha mikrolita 30, subiri ikauke, dondosha 30 nyingine. Myeyusho uvuke diski na ufunike plastiki inayoizunguka. Utando unaoishia ukingoni mwa kaboni huruhusu maji kupenya kutoka pembeni. Funika kwa bika iliyogeuzwa ili kukauka kuwe kwa polepole, saa 24. Kukauka haraka huleta vipovu na ukungu mweupe.

Kuloweka na kuuliza maswali magumu

Loweka usiku mzima kwenye kloridi ya potasiamu ya milimoli 1 kwa lita. Usipime kabla ya hapo. Utando mkavu husoma namba zinazotangatanga, na watu wengi wamezitupa elektrodi nzuri kwa kukosa subira ya usiku mmoja.

Kisha majaribio mawili. La kwanza: pitisha nanoampia 1 kwa sekunde 60, halafu igeuze upande wa pili kwa sekunde 60. Ukitoa ile miruko ya papo hapo inayotokana na ukinzani wa utando, filamu ya mikrofaradi 200 itahama kwa takriban milivolti 0.3 tu kwa dakika. Ikihama milivolti kadhaa, polima haigusi vizuri pande zote mbili. La pili: iache elektrodi kwenye kloridi ya potasiamu ya moli 0.1 kwa lita, ihamishie kwenye kloridi ya sodiamu ya ukolezi uleule kwa saa kadhaa, kisha irudishe. Usomaji ukiruka na kutulia mara moja, sawa. Ukitambaa polepole upande mmoja kisha ukarudi kwa kutambaa upande mwingine, kuna safu ya maji kati ya utando na polima. Elektrodi hiyo haitengenezeki. Kwangua utando, ng'arisha, anza upya.

Kusoma namba

Utando una ukinzani wa karibu megaohmu 1 au zaidi. Mita ya kawaida ya mafundi wa umeme ina ukinzani wa ndani wa megaohmu 10. Ukiziunganisha, milivolti 200 za kweli zitasomwa kama 182, na mita itavuta nanoampia 18, kiasi kinachotosha kuhamisha filamu yetu zaidi ya milivolti 5 kwa dakika. Tumia mita ya pH au kikuza ishara kilichotengenezwa kwa kazi hii, chenye ukinzani wa ohmu trilioni 1 au zaidi.

Elektrodi rejea ya kawaida imejaa kloridi ya potasiamu ya moli 3 kwa lita, nayo inavuja polepole. Ukipima potasiamu ya mikromoli kadhaa ndani ya mililita 10, unapima uvujaji. Tumia elektrodi rejea yenye vyumba viwili, na chumba cha nje kiwe na asetati ya lithiamu ya moli 1 kwa lita.

Kwa nyuzi 25, mwinamo sahihi ni milivolti 59.2 kila ukolezi unapozidi mara 10 kwa ioni yenye chaji moja, na 29.6 kwa yenye chaji mbili. Tunakubali 56 hadi 59. Chora kwa shughuli ya ioni (ukolezi unaofanya kazi kweli, yaani ukolezi mara kigezo), si kwa ukolezi: kwenye moli 0.1 kwa lita kigezo cha potasiamu ni 0.77, na usipokiingiza, nukta ya mwisho hushuka kwa milivolti 6 hivi, ukadhani elektrodi imeharibika. Pima kutoka myeyusho hafifu kwenda mkali. Ukianza na mkali, utando hubeba ioni kwenda nazo kwenye hafifu.

Kabla ya kufurahia mstari ulionyooka, fikiria sampuli. Potasiamu ya kawaida kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, na upana wote huo ni milivolti 9 tu. Kosa la milivolti 1 ni kosa la asilimia 4. Kwa sababu hiyo kalibra kabla na baada ya kila kundi la sampuli, kwenye halijoto ileile, na uweke sodiamu ya milimoli 140 kwa lita kwenye miyeyusho yako ya kalibra, ili ifanane na kile utakachokutana nacho.

Ioni ikiwa ni risasi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za risasi kwa lita, takriban nanomoli 48. Utando uliolowekwa kwenye milimoli 1 ya risasi huvujisha risasi ya kutosha kuficha kiwango hicho. Maliza kuloweka kwenye myeyusho hafifu sana, kwa siku moja au zaidi, kabla ya kuanza kupima. Vyombo viwe vya plastiki vilivyooshwa kwa asidi ya naitriki, kwa kuwa kioo hunyonya risasi na maji yako ya kalibra hubaki na kidogo kuliko ulivyoandika kwenye lebo.

Njia nyingine ni kuacha utando kabisa na kuifunga pete ndani ya polima yenyewe. Kaliksareni yenye salfoneti inafaa hapa: ina chaji hasi, hivyo huingia polipirole wakati wa kuoteshwa na, kwa ukubwa wake, haitoki tena. Risasi hukusanywa kwa kuchovya dakika 5 hadi 10, elektrodi huoshwa na kuhamishiwa kwenye bafa (myeyusho unaoshikilia pH) ya asetati ya pH 4.5, kisha risasi hupewa elektroni ikawa metali na kuyeyushwa tena huku mkondo ukipimwa. Kilele chake huonekana karibu na volti −0.5. Tatizo ni kwamba polipirole kwenye volteji hasi sana hupoteza upitishaji wake, kwa hiyo filamu iwe nyembamba, sehemu ndogo tu ya zile milikulombi 10. Shaba kwenye sampuli hupunguza kilele cha risasi. Ongeza risasi inayojulikana kwenye sampuli yenyewe mara tatu na usome kutoka kwenye mstari huo badala ya kutegemea kalibra ya maji safi. Pete zenye naitrojeni hushika protoni kwenye asidi kali na kuiachia risasi, kwa hiyo sampuli zilizohifadhiwa kwa asidi zirudishwe kwenye pH ya bafa kwanza.

Elektrodi za kila siku zihifadhi ndani ya myeyusho wa kulowekea. Zile zisizotumika kwa zaidi ya wiki zioshe, zikaushe, ziweke gizani, kisha ziloweke tena usiku mzima kabla ya kazi. Mwinamo wa kihisi cha potasiamu ukishuka chini ya milivolti 50 baada ya kulowekwa upya, ondoa utando na polima pamoja. Kaboni ya chini bado ni nzima, na ikishang'arishwa iko tayari kwa filamu mpya.